Ukumbi Kwanza, Mnara Baadaye

Hotuba niliyoitoa kwa usharika wetu wa Waswahili hapa Des Moines, Iowa, siku ya kuchangia jengo

Baba Mchungaji, wazee wa kanisa, kina mama, kaka na dada zangu, watoto wetu: Bwana Yesu asifiwe.

Pale mezani kwa mhasibu kuna michoro miwili ya jengo letu. Wa kwanza una mnara, kengele, na madhabahu iliyoinuliwa ngazi tano. Wa pili ni ukumbi mpana wenye jiko upande mmoja na vyumba viwili vya kufundishia upande wa pili. Fedha tulizo nazo, pamoja na zile tutakazochanga leo, zinatosha kuanza kimoja tu. Nimeombwa niseme neno kabla kapu halijapita, nami nalisema wazi: tuanze na ukumbi.

Wazo hili si langu. Nimelichota kwa watu waliofika kwenye nyanda hizi karne moja na nusu iliyopita, wakiwa na lugha ambayo jirani haielewi, na imani waliyoibeba kifuani kama sisi tulivyoibeba ya kwetu. Nawasema Wadenmark.

Mtakumbuka kina mama tulikwenda Elk Horn, mwendo wa saa moja na nusu kwa gari kutoka hapa kuelekea magharibi. Tuliona kinu cha upepo kilichojengwa Denmark mwaka 1848, kikabomolewa kwa utaratibu, kikavushwa bahari na kusimamishwa tena Iowa mwaka 1976. Wengi tulipiga picha tukarudi. Mimi nilirudi na maswali. Watu gani hawa, ambao wajukuu wao hawasemi tena lugha ya babu, lakini wako tayari kuhamisha kinu kizima kuvuka Atlantiki? Nikaanza kusoma, na kusoma huko ndiko kumenisimamisha mbele yenu.

Denmark ni nchi ndogo, tambarare, imezungukwa na bahari karibu pande zote. Mwaka 1864 ilishindwa vita na Prussia, dola la Kijerumani, na Austria, ikapoteza majimbo yake ya kusini. Vijana wa Kidenmark waliojikuta chini ya Prussia walitakiwa kuingia jeshi la mtawala wasiyemtaka, na wengi waliona heri kuvuka bahari kuliko kuvaa sare ile. Wengine walisukumwa na ardhi, maana shamba dogo la baba haligawanyiki kwa wana sita. Marekani nayo ilikuwa na sheria ya mwaka 1862 iliyompa mtu ekari 160 akikubali kuishi hapo na kulima kwa miaka mitano. Hadi Vita Kuu ya Kwanza inaanza, Wadenmark wapatao laki tatu walikuwa wameondoka kwao. Ninyi mliotoka Uvira, Fizi na Makamba hamhitaji kufafanuliwa: vita, na shamba lisilotosha.

Walipofika, waliona upungufu ambao sisi pia tuliuona Jumapili ya kwanza hapa. Kwao kanisa lilikuwa la dola. Ulizaliwa ndani yake, ukabatizwa, ukaoa, ukazikwa, na mchungaji alikuwapo siku zote kama mlima unavyokuwapo. Huku hakuna serikali inayomlipa mchungaji wala kupaka jengo rangi. Ukitaka kanisa, unalianzisha kwa mfuko wako na mikono yako. Mwaka 1872 wachache wao walikutana Neenah, Wisconsin, wakaanzisha chama cha misheni kilichozaa Kanisa la Kilutheri la Kidenmark katika Amerika. Walikuwa wachache, wametawanyika, na wengi wa wenzao walikuwa wameshazoea kukaa bila kanisa lolote.

Sasa naomba mnisikilize kwa makini, maana ndipo penye kiini cha jambo langu.

Kule Denmark alikuwapo mchungaji na mtunzi wa tenzi aitwaye N.F.S. Grundtvig, aliyefariki mwaka huohuo wa 1872. Fundisho lake moja lilikuwa kwamba mtu huwa mtu kwanza, kisha huwa Mkristo. Hakuwa anamshusha Kristo. Alikuwa anasema kwamba neema haimwagiki juu ya jiwe. Inamwagika juu ya binadamu mwenye lugha, mwenye nyimbo, mwenye historia ya kwao, anayejua kucheka na wenzake na kufanya kazi nao. Ukimnyang'anya mtu hayo yote kisha ukamhubiria, unahubiria kivuli. Kwa hiyo alitaka shule za vijana wa mashambani ambako hakuna mtihani wala cheti, wanakaa pamoja miezi ya baridi, wanaimba, wanasikiliza historia ikisimuliwa kwa mdomo, wanajadiliana. Alikuwa akiliita neno linalotoka kinywani mwa mtu aliye hai "neno lililo hai". Shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844. Ya kwanza Marekani ilifunguliwa mwaka 1878, pale pale Elk Horn tulikopiga picha.

Ndugu zangu, mimi ni tunda la mti huo, na sikuwahi kujua hadi mwaka jana. Mwaka 1975 Tanzania ilianza kufungua Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa msaada wa Sweden. Wasweden waliukopa mfano huo kwa jirani zao Wadenmark. Nilijifunza kushona katika chuo kimojawapo mkoani Kigoma. Tulikuwa tunakaa bwenini, mchana cherehani, jioni tunaimba na kujadili mambo ya kijiji. Nilidhani ni desturi ya kwetu tu. Kumbe mchungaji mmoja wa nchi ya baridi alikuwa amewaza juu ya binti wa mkulima kama mimi, zaidi ya miaka mia kabla sijazaliwa.

Nirudi kwenye nyanda. Kaskazini mwa hapa, kusini-magharibi mwa Minnesota, kuna mji mdogo unaoitwa Tyler. Katikati ya miaka ya 1880 kanisa la Wadenmark lilikubaliana na kampuni ya reli iliyomiliki ardhi ya eneo lile: ekari 35,000 ziuzwe kwa Wadenmark peke yao kwa miaka mitatu. Wakaja familia kwa familia. Mwaka 1888 akaja mchungaji H.J. Pedersen kutoka jimbo la Michigan. Mahali pao wakapaita Danebod, jina la heshima la malkia wao wa kale Thyra, maana yake yule aliyewaponya Wadenmark.

Sikilizeni walivyojenga. Mwaka 1888 walijenga shule. Mwaka 1889 walijenga ukumbi wa mawe, mawe yaleyale waliyoyaokota mashambani yalipokuwa yakizuia jembe. Kanisa lenyewe, jengo la ibada, walilimaliza mwaka 1895. Mwaka 1904 wakaongeza jumba la mazoezi ya viungo. Hesabuni wenyewe: kutoka shule hadi kanisa ni miaka saba. Katika miaka hiyo hawakuwa wapagani. Walisali, walibatiza, walioza watoto wao. Neno la Mungu lilisomwa katika chumba kilekile ambamo jana yake vijana walikuwa wanacheza ngoma za duara na wazee wanasikiliza hotuba juu ya ufugaji na historia. Harufu ya kahawa ilikuwa imeshaingia kwenye mbao kabla madhabahu haijafika.

Nimewaza sana kwa nini walifuata mpangilio huo, nami naamini sababu ni hii. Jengo la ibada lililo tupu siku sita humfundisha mtoto kwamba Mungu ana siku yake na yeye mtoto ana siku zake sita. Ukumbi humfundisha jambo jingine. Anamwona baba yake akiomba pale pale alipomwona akicheka, na anamwona mchungaji akiosha vikombe. Anajua kwamba habari za shamba, za masomo na za msiba zote zina mlango mmoja wa kuingilia. Mtoto wa namna hiyo akikua anaweza kuhama dini ya mdomoni, lakini kukihama chumba alichokulia ni kazi ngumu.

Na mambo ya tumbo nayo yalipata mlango. Clarks Grove, pia Minnesota, lilikuwa kijiji cha Wadenmark wa Kibaptisti. Mmoja wao, Hans Peter Jensen, alirudi Denmark kutembelea jamaa akakuta wakulima wadogo wameunganisha maziwa yao katika viwanda vya ushirika. Kila mkulima ana kura moja, awe na ng'ombe watatu au thelathini. Akarudi na habari hiyo, na mwaka 1890 wakafungua kiwanda chao cha siagi kwa mtindo uleule. Baadaye mamia ya vijiji vya Minnesota vikaiga. Waumini wanaoaminiana kwenye meza ya Bwana wakaaminiana kwenye mizani ya maziwa. Kina mama wa upatu, najua mmenielewa. Leo upatu wetu unakutana sebuleni kwa mtu, na mwenye nyumba akihama, upatu unayumba.

Lakini sitaki kuwapaka Wadenmark mafuta. Waligombana, tena vibaya, na ugomvi wao unanigusa kuliko ujenzi wao.

Pamoja na wafuasi wa Grundtvig walikuja watu wa Misheni ya Ndani. Hawa mnawajua, hata kama jina ni geni. Ni kama walokole wetu, watu wa uamsho ulioenea kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ukafika hadi kwa bibi zetu. Walisisitiza toba, kuokoka, Biblia nzima kuwa Neno la Mungu, na kuacha karata, ngoma na pombe. Wenzao waliona ngoma ya vijana ukumbini ni zawadi ya Mungu. Wao waliona ni mlango wa shetani. Mwaka 1887 mtoto wa Grundtvig mwenyewe, Frederik, aliyekuwa mchungaji Clinton hapa Iowa, alianzisha chama cha Wadenmark wote, anayesali na asiyesali, ili kulinda utamaduni wao. Watu wa Misheni ya Ndani wakauliza: chama gani hiki cha Mkristo na mpagani kukaa kiti kimoja? Mwaka huohuo kanisa lilifungua chuo cha wachungaji West Denmark, Wisconsin, mwalimu mmoja wa upande huu na mmoja wa upande ule. Hakikudumu. Mwaka 1894 kanisa likapasuka.

Watu wakawapa majina: wafuasi wa Grundtvig "Wadenmark wenye furaha", watu wa Misheni ya Ndani "Wadenmark watakatifu". Mtu akiwa na hasira aliwaita hao wa pili "wenye huzuni". Elk Horn na Kimballton ni vijiji vinavyotenganishwa na kilomita tano hivi, na kila kimoja kikaelemea upande wake. Wenye furaha, ndio waliobaki, wakafungua chuo chao hapa Des Moines mwaka 1896, ndicho Grand View ambako baadhi ya watoto wenu wanasoma sasa. Wale wengine chuo chao kilikuwa Blair, Nebraska, nacho kilifungwa mwaka 2010.

Nimelelewa na bibi mlokole. Siwezi kusimama hapa niwaseme vibaya watu wa toba, maana bila toba ya bibi yangu mimi nisingekuwapo. Ninaloliona ni kwamba kila upande ulikuwa umeshika kitu ambacho mwenzake alikihitaji. Wenye furaha walihitaji kuambiwa kwamba dhambi ipo. Watakatifu walihitaji kuambiwa kwamba kijana anayecheza na wenzake chini ya taa, mama yake akimwangalia, yuko salama kuliko kijana aliyefukuzwa ukumbini akaenda kucheza mjini. Walipoachana, kila mmoja akabaki na nusu ya mkate. Makanisa yao hayakuwa chini ya paa moja tena hadi mwaka 1988, yalipoungana na Walutheri wengine katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri la Marekani. Kutoka 1894 hadi 1988! Waliogombana walikuwa makaburini wote.

Nasema haya kwa sababu ndani ya usharika wetu yupo mtu wa Kongo, wa Burundi, wa Rwanda na wa Tanzania. Yupo mlokole na yupo ambaye hajaokoka lakini anapika chai ya msibani. Ninyi mnajua maneno yaliyosemwa mwezi wa tatu juu ya ngoma za kwaya ya vijana. Sitayarudia.

Lipo jambo la lugha, nalo ni zito, kwa hiyo nitalisema taratibu.

Tarehe 23 Mei 1918, wakati wa vita na Ujerumani, gavana wa Iowa William Harding alitoa tangazo kutoka mji huuhuu. Kiingereza peke yake kiruhusiwe shuleni, kwenye treni, kwenye simu, katika mazungumzo ya hadharani na katika hotuba. Kanisani pia. Asiyejua Kiingereza aabudu kwa lugha yake nyumbani kwake. Wadenmark hawakuwa maadui wa mtu. Wengine walikuwa wamekuja huku kwa sababu ya kumkimbia Mjerumani. Hata hivyo tangazo liliwashika sawasawa na Wajerumani. Gavana aliripotiwa akisema kwamba hakuna faida mtu kupoteza muda wake kusali kwa lugha nyingine isipokuwa Kiingereza. Fikirieni mama aliyejifunza Baba Yetu kwa Kidenmark akiwa na miaka mitatu, anaambiwa Mungu hamsikii. Tangazo lilifutwa Desemba mwaka huohuo, vita vilipokwisha, lakini hofu haifutwi kwa karatasi.

Baada ya hapo Kiingereza kiliingia kanisani mwaka hadi mwaka. Walijitahidi. Walikuwa na shule za likizo ambako watoto walifundishwa Kidenmark, Biblia na nyimbo wakati wa kiangazi. Hata hivyo lugha iliondoka, kizazi kwa kizazi. Mwaka 1927 pande zile mbili zilizogombana zilitoa kitabu kimoja cha nyimbo kwa Kiingereza. Nilipolisoma hilo nililia, kwa furaha na kwa uchungu kwa pamoja. Kwa lugha ya mama walitengana, na kwa lugha ya ugenini wakaanza kuimba pamoja tena.

Wazee wangu, shikamooni. Najua mnaogopa. Mnasema tukiruhusu ibada moja ya Kiingereza kwa mwezi, Kiswahili kitakufa. Sitawadanganya kwamba vilembwe vyetu watahubiriwa kwa Kiswahili Iowa mwaka 2120. Lakini nimeona kilichobaki Tyler baada ya lugha kwenda. Shule ya kwanza iliungua, wakajenga nyingine mwaka 1917. Mwaka uliofuata, Agosti 1918, kimbunga kiliua watu 36 katika mji ule mdogo, wakazika, wakaendelea. Tangu mwaka 1946 watu hukutana Danebod kwa siku kadhaa za mihadhara, nyimbo na kula pamoja, wengi wao wakiwa hawawezi kuagiza hata maji kwa Kidenmark. Kinachowakusanya ni yale majengo ya jumuiya, na desturi zilizozaliwa ndani yake.

Nataka watoto wetu wajue Kiswahili. Nataka kwa moyo wangu wote. Na kwa sababu nakitaka, naomba chumba chenye ubao na viti vya watoto, Jumamosi asubuhi, mwalimu akiwapo, uji ukiwa jikoni. Lugha haifundishwi kwa kumkemea mtoto kanisani kwamba hajui kuimba ubeti wa pili. Kengele haitamfundisha.

Mzee mmoja aliniuliza juzi: tusipokuwa na mnara, watu watajuaje kwamba hapa ni kanisa? Swali lake ni la haki, na sikumjibu vizuri siku ile. Mzee wangu, naomba nijibu leo. Watajua siku ya msiba. Wataona magari yamejaa hadi barabarani, watauliza, na wataambiwa: pale wanamlilia mtu wao. Watajua siku ya maulizo ya shule, mzazi asiyejua Kiingereza atakapokuja na barua ya mwalimu na kumkuta kijana wa kumsomea. Na mnara tutaujenga. Danebod waliujenga wa kwao mwaka wa saba.

Kwa hiyo naomba halmashauri iandike kwenye kumbukumbu: mchoro wa pili uanze, na nafasi ya kanisa iachwe upande wa mashariki wa kiwanja, isiwekwe maegesho.

La mwisho ni la kina mama. Kule Elk Horn nilinunua chuma kizito chenye mashimo saba ya duara. Wadenmark wanakipikia æbleskiver, maandazi ya mviringo yanayogeuzwa kwa kijiti hadi yaive pande zote. Nilipokishika mkononi sikuweza kusema neno. Ni chuma cha vitumbua. Kina uzito uleule wa kile cha mama yangu kilichobaki Kasulu. Jumamosi ijayo saa nne asubuhi nitakileta hapa. Atakayeweza aloweke mchele Ijumaa usiku, mwingine alete tui na iliki, na vijana mje na wenzenu wa shule, wa lugha yoyote. Nimemwalika pia bibi mmoja jirani yangu ambaye nyanya yake alizaliwa Denmark. Ameniahidi atakuja na kijiti chake cha kugeuzia.